Vali ya moyo kwa katheta kwa wazee: yanayokuja baada ya kurudi nyumbani (uzi mrefu)

BintiMvita

Assalam aleikum wadau, na wengine hamjambo.

Siku hizi hapa Mombasa si ajabu kusikia mzee fulani kabadilishiwa vali ya moyo bila kupasuliwa kifua. Wengi wanaenda India, wengine Nairobi. Mzee anarudi akitembea kwa miguu yake, majirani wanakuja kumjulia hali, biriani inapikwa, na nyumba nzima inaamini kazi imekwisha. Kwetu haikwisha. Babangu, aliyepita themanini, alirudi na vali mpya, na siku chache baadaye akaanguka njiani akienda swala ya adhuhuri. Kituo cha kwanza tulichomkimbiza walisema ni joto na upungufu wa maji, wakamtundikia dripu, tukarudi naye. Usiku akaanguka tena, safari hii chooni. Hospitali ya pili walipompima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, moyo ulikuwa unapiga mara thelathini na kitu kwa dakika. Umeme wa moyo ulikuwa haushuki tena kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Akawekewa pesimeka, kile kifaa kinachoupigisha moyo kwa umeme, na sasa anagombana na wajukuu juu ya rimoti kama kawaida yake.

Siandiki kumlaumu mtu. Ninaandika kwa sababu madhara haya yanajulikana na yameandikwa vitabuni, ila karatasi tulizopewa wakati wa kuruhusiwa zilikuwa na kurasa mbili za malipo na nusu ukurasa wa maelezo.

Kwanza mjue kinachofanyika. Vali ya aota ndiyo inayofunguka damu ikitoka moyoni kwenda mwilini. Uzeeni hujaa kalsiamu, ikakakamaa na kuwa nyembamba. Mzee anaanza kukosa pumzi akipanda ngazi, kifua kinambana, au anazirai. Hakuna kidonge kinachoifungua. Zamani kuibadilisha ilikuwa kwa kupasua kifua tu, mpaka tarehe 16 Aprili 2002, Alain Cribier, daktari wa Rouen, Ufaransa, alipomwekea mgonjwa vali mpya kupitia mshipa wa damu. Sasa wanaiita TAVI. Vali inakunjwa, inapitishwa kwa katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha inafunguliwa ndani ya ile ya zamani.

Neno la kushika ni hilo la mwisho: NDANI ya ile ya zamani. Vali mbovu haitolewi. Inasukumwa ukutani pamoja na kalsiamu yake yote. Madhara matatu makubwa yanazaliwa hapo. Chembe zinaweza kumeguka zikaenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Ukuta unaobanwa una njia ya umeme wa moyo inayopita chini kidogo tu ya vali, na ikiumia mapigo yanashuka. Na kwa kuwa kalsiamu ina mabonde na vilima, vali mpya huenda isikae sawasawa, kama fremu ya mlango iliyopachikwa kwenye ukuta wa matumbawe wa nyumba za Mji wa Kale: damu inapenya pembeni na kurudi nyuma.

Mwenye mzee aliyefanyiwa, au anayejiandaa, aseme. Kuna wauguzi humu pia, natumai watanisahihisha.

Mzalendo_Likoni

Dada, pole kwa mzee. Lakini mimi nitasema wanalolinyamazia wengi. Mtu wa miaka 84 mnamuuzia shamba, mnampandisha ndege masaa mengi, mnamtia vyuma moyoni, halafu tena pesimeka. Kwa nini msimwache akae barazani ale kahawa yake na tende mpaka siku yake ifike? Sisi marehemu babu tulimwacha na akaondoka kwa amani.

Nesi_Tudor

Mzalendo, swali lako ni la haki na madaktari wenyewe wamelijadili kwa miaka. Nimefanya kazi wodi ya moyo, acha nikupe namba moja. Mwaka 2010 ulitoka utafiti ulioitwa PARTNER. Wagonjwa walikuwa wazee, umri wao wa wastani miaka 83, ambao madaktari wa upasuaji walisema hawafai kupasuliwa. Nusu yao wakapewa TAVI, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, katika wale wasiowekewa vali asilimia 50.7 walikuwa wamefariki. Waliowekewa, asilimia 30.7.

Isomeni namba hiyo kwa pande zote mbili. Vali iliokoa wengi, na kuondoka kwa vali iliyoziba si lazima kuwe kwa amani: wengi huishia kulala wameketi kwa sababu mapafu yamejaa maji. Lakini pia karibu thuluthi ya waliowekewa hawakumaliza mwaka, maana walikuwa na mapafu mabovu, figo mbovu, miili iliyochoka. Kwa hiyo umri peke yake si kizuizi. Ninachoangalia mimi ni kama mzee anaweza kuinuka kitini bila kushikwa, anakula, akili yake ipo, na yeye mwenyewe anataka. Hilo la mwisho watoto husahau kuuliza.

Na tangu 2010 mambo yamesogea. Vifaa vimekuwa vyembamba, wagonjwa wengi hawalazwi kwa nusu kaputi, wanapewa dawa ya usingizi mwepesi. Katika utafiti ule wa 2010, kiharusi kikubwa ndani ya siku 30 kiliwapata asilimia 5 ya waliowekewa vali. Mwaka 2022 ulitoka mwingine wa wagonjwa kama 3,000, ukiangalia chujio linalowekwa kwenye mishipa ya kichwa ili kunasa chembe. Kiharusi kilikuwa asilimia 2.9 bila chujio na 2.3 kwa wenye chujio, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema chujio linasaidia. Kwa hiyo mkiambiwa mlipie chujio zaidi, ulizeni kwa nini mzee wenu hasa.

BintiMvita, ulivyoeleza njia ya umeme ni sawa kabisa. Naongeza jambo moja ambalo lingewasaidia kule kituo cha kwanza: ECG mbili. Ya kabla ya TAVI na ya siku ya kuruhusiwa, nakala za karatasi, ziwe kwenye mfuko wa mzee. Njia ile ya umeme ina matawi mawili: mwenye hitilafu kwenye tawi la kulia tangu zamani ndiye mwenye hatari kubwa ya kuhitaji pesimeka. Mwenye tatizo jipya kwenye tawi la kushoto baada ya TAVI afuatiliwe mapigo wiki mbili hivi hata akiwa nyumbani. Wengi hukatika umeme mezani pale pale au siku mbili tatu za kwanza, ila wapo kama baba yako ambao hukatika wakishafika kwao. Mzee aliyewekewa vali juzi akizirai, jambo la kwanza si dripu. Ni ECG.

UmmuSalma

Nesi, Mungu akubariki. Mimi nina maswali mawili, moja la aibu kidogo. Bibi yangu amepangiwa, na ami amesikia kwamba vali nyingine ni za nguruwe. Nyumba imegawanyika. La pili, shangazi wa Majengo aliyefanyiwa amerudi na uvimbe kwenye kinena, anasema utaisha wenyewe.

Nesi_Tudor

Naanza na shangazi maana hilo halingoji. Kuvilia damu pajani, ngozi kuwa ya zambarau inayoelekea manjano, hiyo ni kawaida na huisha. Uvimbe unaokua, mgumu, unaopwita ukiugusa, au mguu wa upande huo kuwa baridi na kufa ganzi, hiyo ni hospitali LEO. Mshipa wa paja hupitishiwa kitu kinene kwa kipimo cha mishipa, na wa mzee mara nyingi umejaa kalsiamu na umepinda. Ukuta ukibaki na tundu, damu hujikusanya nje yake. Wanaangalia kwa picha ya ultrasaundi, haichukui muda. Akipata na maumivu ya kiuno au mgongo chini, na kizunguzungu akisimama, msimpeleke kwa bodaboda: huenda anavuja damu ndani ya tumbo kwa nyuma, ambako hakuna kinachoonekana nje.

La pili si la aibu, hapa Mombasa naulizwa kila mara. Vali hizi zina fremu ya chuma na ngozi laini ya mnyama, ile inayofunika moyo. SAPIEN ni ya ng'ombe. Evolut ni ya nguruwe. Zipo zote mbili, kwa hiyo ulizeni kabla, msingoje asubuhi ya upasuaji. La fikihi mwulizeni shehe wenu. Nijuavyo wengi hulijadili kwa mlango wa dharura, lakini mimi si wa kutoa fatwa.

La kitabibu ni hili, mnapochagua mnachagua na hatari zake. Ile ya ng'ombe hufunguliwa kwa puto. Evolut hujifungua yenyewe na hukaa ikisukuma kuta, na imekuwa ikileta pesimeka zaidi. Katika tafiti mbili za mwaka 2019 za wagonjwa wasio na hatari kubwa, waliohitaji pesimeka ndani ya mwezi walikuwa kama asilimia 17 kwa Evolut, na kama 6.5 kwa SAPIEN 3. Upande wa pili, ile inayojifungua mara nyingi humpa nafasi zaidi ya damu mwenye pete ndogo ya vali, na kina bibi wengi wana pete ndogo. Ndiyo maana sitiskani ya moyo kabla ya kazi si anasa. Ndiyo inayowaonyesha ukubwa wa pete, kalsiamu iko wapi, na kama mishipa ya paja inapitika.

KijanaKongowea

Naombeni msaada, niko hospitalini sasa hivi na mama. Alifanyiwa juzi, mchana yuko sawa kabisa, ananitania. Usiku anakuwa mtu mwingine. Saa nane usiku anasema kuna watu kwenye pazia, anataka kwenda kupika mahamri, ameng'oa mpira wa dawa mkononi. Khalati yangu anataka alete mwalimu amsomee, anasema wamemtia kitu huko. Mimi naogopa ni kiharusi.

Nesi_Tudor

Kaka, pole. Kwanza mwambie atabasamu, mwambie ainue mikono yote miwili aishikilie, msikilize kama maneno yanaburuzika. Uso ukishuka upande mmoja au mkono ukaanguka, mwite daktari mara moja, usingoje raundi ya asubuhi. Kwa kiharusi kila dakika ni hesabu.

Kama yote hayo yako sawa, ulichoeleza kinaonekana kama kuweweseka kwa wazee baada ya matibabu mazito. Mchana nafuu, usiku kunapanda, anaona vitu. Si wazimu. Linawapata wazee wengi, na zaidi wenye usahaulifu tangu zamani. Lakini lina chanzo na chanzo kitafutwe: mkojo uliozuilika, maambukizi, chumvi za damu, maumivu asiyoyasema, dawa za usingizi. Mwambie daktari kwa neno hilo, kwamba amebadilika ghafla. Mvalishe miwani yake, mtie kifaa cha kusikia kama anacho, washa taa ndogo, akae mtu anayemfahamu. Kataeni asifungwe kitandani ikiwezekana.

Khalati akitaka kuja na kisomo, aje. Sauti ya mtu anayemjua ikimsomea polepole humtuliza mgonjwa. Mashariti mawili tu: asimnyweshe kombe, yale maji ya kisomo, wala kitu chochote bila daktari kujua, na asizuie vipimo.

KijanaKongowea

Amepimwa. Kibofu kilikuwa kimejaa, wametoa mkojo zaidi ya lita. Amelala. Khalati ameshasoma, sasa yeye ndiye anayekoroma kwenye kiti.

Mfamasia_Bondeni

Nilikuwa nasoma kimya, sasa nadakia kwa upande wa dawa maana hapo ndipo naona watu wanaumia dukani kwangu.

Mtu anakuja na aspirini na klopidogreli, dawa zinazozuia chembe za damu kushikana, zote mbili, ameandikiwa baada ya TAVI. Zamani ilikuwa hivyo kwa kila mtu. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa POPular TAVI: waliotumia aspirini peke yake walivuja damu asilimia 15.1 ndani ya mwaka, waliotumia zote mbili asilimia 26.6. Kwa hiyo kwa mtu asiye na sababu nyingine, aspirini moja hutosha. LAKINI mwenye stenti mpya, kile kijibomba cha kuzibua, kwenye mishipa ya moyo ana hesabu yake, na mwenye mapigo yanayoruka, yaani moyo unaopiga ovyo bila mpangilio, anahitaji dawa ya kuzuia kuganda kama wafarini au hizi mpya. Usiikate dawa kwa sababu umesoma hapa. Chukua hii namba, nenda nayo kwa daktari, muulize mzee wako yuko kundi gani.

Jambo la pili, nalisema kwa hasira kidogo. Diklofenaki. Mzee magoti yanamuuma, jirani anampa, au anajinunulia. Figo zake zimetoka kupigwa na dawa ya rangi ya sitiskani na ya wakati wa TAVI yenyewe, ana kidonge cha kukojoa, halafu anamwagiwa diklofenaki. Na juu yake aspirini, tumbo linavuja. Parasetamoli itoshe kwanza. Ukiona choo cheusi kama lami, hilo ni la hospitali. Wazee wenye vali iliyoziba wengine huvuja damu matumboni kwa sababu ya vali yenyewe, na kubadilishiwa mara nyingi huwasaidia, kwa hiyo choo cheusi BAADA ya vali mpya kisipuuzwe eti amezoea.

Mwarobaini, tangawizi nyingi na vitunguu saumu vya kusaga, mjulisheni daktari, hasa mwenye wafarini. Sisemi ni uchawi, nasema vingine vinagongana na dawa.

Mzalendo_Likoni

Nimesoma yote. Nesi, namba yako imenikalia. Swali langu la kweli sasa: sisi wa Likoni, ng'ambo ya kivuko, usiku feri zikiwa chache, mzee akianguka Mtongwe nifanye nini? Na hiyo damu inayopenya pembeni aliyoitaja dada, nitaijuaje bila mashine?

BintiMvita

Hili la kwanza nijibu mimi maana tumelipanga upya nyumbani. Tulichagua mapema hospitali moja yenye ECG na daktari wa moyo anayefikika, tukampeleka mzee huko akiwa MZIMA, wakamfungulia faili. Wanajua ana vali ya aina gani, saizi gani, pesimeka ya kampuni gani. Wewe wa Likoni ningekushauri wiki zile za mwanzo mzee akae kisiwani kwa ndugu. Hata babangu alitaka kurudi shamba Kwale upesi, tukamkatalia, akanuna, akakaa.

Ya pili nawaachia wenye ujuzi.

Nesi_Tudor

Kuvuja kidogo pembeni ni jambo la kawaida na wengi huishi nako. Kuvuja kwa wastani au kwa nguvu ndiko kunakofupisha maisha. Nyumbani utaona pumzi inarudi kuwa fupi baada ya kuwa nzuri, miguu inavimba, mzee anaanza kuomba mito miwili mitatu usiku. Mpimeni uzito kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache hizo si nyama, ni maji. Mkojo kuwa mweusi kama koka pia utajwe, maana damu ikichujika kwenye upenyo mwembamba chembe zake huvunjika. Eko, yaani picha ya moyo kwa ultrasaundi, ifanywe kabla ya kuruhusiwa, baada ya mwezi, kisha kila mwaka. Eko inapatikana hapa Mombasa, hakuna haja ya kurudi India kwa hilo.

Na homa. Homa isiyoisha mwezi wa tatu, wa sita, hata mwaka wa pili, msiseme malaria tu mkanunua dawa. Vijidudu hupenda kukaa kwenye vali ya kuwekwa, na kwa mzee mwenye vali hiyo ni ugonjwa wa kuua. Damu ichukuliwe ikaoteshwe KABLA ya antibayotiki ya kwanza. Mkimpa kidonge kimoja tu cha dukani, kipimo kinaweza kutoka safi na mdudu yumo.

UmmuSalma

Shangazi amepelekwa. Ilikuwa ni damu iliyojikusanya nje ya mshipa kweli, wamembonyeza kwa ile ultrasaundi muda mrefu, wanasema huenda asihitaji kupasuliwa. Bibi naye amesema mwenyewe anataka ya ng'ombe, na kama haimfai kwa vipimo basi atatafakari. Ami kanyamaza.

La mwisho: Ramadhani je?

Mfamasia_Bondeni

Dawa za mara moja kwa siku nyingi huhamishika kwenda daku au futari. Tatizo ni kidonge cha kukojoa na joto letu hili: mzee anakauka, presha inashuka, anaanguka. Mwaka wa kwanza ningesema asifunge mpaka daktari wake aseme, na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani yenyewe.

KijanaKongowea

Wadau, mama ameruhusiwa, tuko nyumbani. ECG zote mbili ninazo, nimezitolea nakala tatu. Ila jino linamsumbua tangu wiki iliyopita na binamu yangu anajua mtu wa kung'oa hapa karibu. Nimpeleke kesho?

Mfamasia_Bondeni

Usimpeleke kesho, na usimpeleke kwa huyo. Jino likikaguliwa kabla ya vali ndiyo vizuri zaidi, lakini limeshapita. Mpigie daktari wake wa moyo kwanza, kisha daktari wa meno mwenye leseni, umwambie ana vali ya kuwekwa. Kabla ya kung'oa huwa wanapewa antibayotiki dozi moja, kawaida amoksilini gramu 2, nusu saa hadi saa nzima kabla. Ana mzio wa penisilini?

KijanaKongowea

Anasema utotoni alipigwa sindano Makadara akavimba uso.

Mfamasia_Bondeni

Basi hilo liandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya faili, apewe dawa ya jamii nyingine. Na aspirini asiiache kwa ajili ya jino bila daktari wa moyo kusema.